Replika ya gari la spoti nyumbani: ununue seti, ubadilishe bodi, au uchomelee chesisi mwenyewe?

Watu wengi wakipata wazo la kujenga replika, yaani gari la kuiga lile halisi, nyumbani wanaanzia kwenye picha. Mtu anaipenda AC Cobra, au Lamborghini Countach, au ile Porsche 356 Speedster ya wazi, anatafuta bodi, anaipata, analipa, inafika, inakaa gereji imefunikwa turubai, halafu ndo anaanza kujiuliza itakaa juu ya nini. Mi naona miradi mingi inafia hapo hapo chini ya turubai. Kabla hujachagua gari chagua kazi, yaani ujue kazi ipi unataka kuifanya kwa mikono yako na ipi bora aifanye mwingine, maana njia ziko tatu na kila moja ina mikesha yake.

Ya kwanza ni kununua seti, chesisi (fremu inayobeba gari) na bodi zinakuja zimeshatengenezwa na we kazi yako ni kuunganisha. Ya pili ni kuchukua gari zima linalotembea, kulivua bodi yake na kulivalisha nyingine. Ya tatu ni kuanza na chuma kitupu: unanunua skwea tyubu, unakata, unachomelea chesisi, unachinja gari moja ili upate injini, giaboksi, difu na habu, na bodi unaiunda au unaiagiza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Kwa mtu mwenye gereji, grainda, mashine ya kuchomelea ya MIG na uvumilivu, vitu vilivyonyooka achomelee mwenyewe, vitu vilivyopinda anunue. Chesisi ya tyubu ni vitu vilivyonyooka. Bodi ya Cobra imepinda kila mahali, hakuna hata sehemu ya kuwekea rula.

Seti ya kuunganisha

Hii ina historia ndefu. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alipoitoa Lotus Seven, gari dogo la wazi la watu wawili, mwaka 1957 iliuzwa pia ikiwa vipande vipande, sababu Uingereza enzi hizo gari lililokamilika lilikuwa na kodi ya manunuzi na gari la kujiunganishia halikuwa nayo, basi mnunuzi anaibeba nyumbani, anaifunga mwenyewe, kodi anaikwepa kihalali. Caterham walichukua haki za hiyo Seven mwaka 1973 na mpaka leo unaweza kuinunua ikiwa kwenye maboksi, wenyewe wanataja masaa 70 mpaka 100 ya kuifunga. Marekani wapo Factory Five Racing, walianza 1995, na Cobra zao za mwanzo zilijengwa kwa kuchinja Ford Mustang moja na kuhamishia vitu vyake kwenye chesisi yao.

Kitu cha thamani kuliko vyote kwenye seti ni vipimo. Chesisi imechomelewa kwenye jigi, yaani fremu ya kubania vipande visisogee, matundu ya sasipensheni ya kushoto na ya kulia yamelingana, stelingi reki iko kwenye urefu wake, na tatizo utakalokutana nalo kuna watu walishakutana nalo kabla yako na jibu lipo. Gari likishafungwa linaenda mbele limenyooka. Hilo linaonekana dogo mpaka uendeshe gari la kujengwa ambalo upande mmoja wa ekseli umerudi nyuma kidogo kuliko mwingine, linavuta upande, linakula tairi, na hakuna alaimenti itakayolitibu maana ugonjwa uko kwenye chuma.

Sasa ubaya wake. Kama unachokipenda ni kuunda, seti itakuacha na njaa, maana utashinda na spana na kitabu cha maelekezo na mashine ya kuchomelea itabaki kona. Halafu soma orodha ya vitu vilivyomo, mstari kwa mstari. Neno "kamili" kila muuzaji ana maana yake: mwingine hatoi injini, mwingine hatoi giaboksi na difu, mwingine hatoi rimu, tairi wala siti, na rangi karibu hakuna anayetoa. Na bodi ya faiba ya Cobra inakuja na mistari pale vipande vya moldi vilipokutana, hiyo unaisugua, unapiga puti, unapiga msasa, unarudia, halafu milango na boneti unavichonga mpaka nafasi ziwe sawa pande zote. Ukihesabu seti kama "wiki mbili tatu naiwasha" unajidanganya, kazi ya panel peke yake inaweza kuzidi kazi ya makenika.

Kuvua na kuvalisha

Njia hii inavutia kuliko zote mwanzoni na inadanganya kuliko zote mwishoni. Uzuri wake ni wa kweli: gari tayari lina breki zinazofanya kazi, waya, taa, hita, wakati mwingine hata kadi yake. Kila siku unaweza kuliwasha ukaona liko hai.

Tatizo ni umbo. Kila gari lina umbali wake kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, wilbesi, na huo umbali ndo unaamua kama macho yataikubali replika au yataikataa, hata kwa mtu asiyejua magari. Chukua Countach juu ya Pontiac Fiero. Fiero ilitoka modeli za 1984 hadi 1988, injini iko nyuma ya siti, na panel zake za plastiki zimefungwa juu ya fremu ya chuma, unazifungua na gari linabaki linatembea, ndo maana watu wa replika waliipenda sana. Lakini wilbesi yake ni kama milimita 2,373 na ya Countach LP400 ni 2,450. Upana wa Fiero ni kama 1,750, Countach 1,890. Ukikata fremu ukaongeza hizo milimita 77 umetibu wilbesi tu, kibini ya Fiero bado ni ndefu kwenda juu, kioo cha mbele kimesimama, dereva kakaa mbali na pua. Matokeo yake ni kama kumvalisha mtu mfupi kanzu ya mtu mrefu, kitambaa kizuri ila mabega hayapo yanapotakiwa.

Linganisha na Speedster juu ya Volkswagen Beetle. Hapo 356 na Beetle ni ndugu wa damu, injini inayopozwa kwa upepo iko nyuma kabisa, sasipensheni ya familia moja. Wilbesi ya Beetle ni 2,400, ya 356 ni 2,100, kwa hiyo sakafu ya Beetle inakatwa milimita 300 katikati na kuunganishwa. Kazi ya kuchomelea yenyewe sio kubwa, ila kumbuka ule mgongo wa katikati ya sakafu una fimbo ya gia ndani yake, waya wa klachi, waya wa pedali ya mafuta, waya za breki ya mkono na bomba ya petroli, vyote hivyo navyo vinafupishwa, pamoja na bomba ya breki inayopita pembeni yake, na fimbo ya gia ikikosewa kidogo tu utatafuta gia namba mbili mpaka uchoke. Hata hivyo ukimaliza umbo linakuwa sahihi, sauti inakuwa sahihi, na namna gari linavyokaa barabarani inafanana na ile yenyewe. Kwa mawazo yangu hii ndo kuvalisha pekee ninayoweza kumshauri mtu bila kusita. Nyingine zote chukua picha ya gari la asili kwa ubavu, chukua ya gari lako kwa ubavu, zipange ekseli ya nyuma juu ya ekseli ya nyuma, halafu angalia gurudumu la mbele na kioo vimeangukia wapi. Ukiona havikutani usijitie moyo kwamba bodi itaficha.

Kuanzia kwenye chuma kitupu

Hapa ndo moyo wangu uko kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chesisi ya aina ya Seven inayojengwa nyumbani kawaida ni skwea tyubu ya milimita 25 yenye unene wa 1.6, imepangwa pembetatu pembetatu. Hakuna kipande kilichokunjwa kwa mashine kubwa isipokuwa vichache nyuma ya siti. Ukiweza kupima, kukata kwa usahihi na kusugua ncha ikakaa vizuri, umeshafanya nusu ya kazi. Bodi yake nayo imenyooka, pembeni ni shiti ya alumini imepigwa riveti na gundi, mbele boneti ni mkunjo mmoja, vinavyobaki vimepinda ni pua na madigadi tu, hivyo unaagiza vya faiba. Kioo cha mbele ni bapa. Ndo maana nasema hili umbo linamfaa anayejenga nyumbani kuliko umbo lolote lingine la spoti, karibu kila kitu kigumu hakipo.

Meza ya kujengea usiidharau. Mbao nzito bapa kwenye fremu iliyopigwa pima maji, unachora chesisi juu yake kwa ukubwa wake halisi, unapigilia vipande vya mbao kubana kila tyubu mahali pake. Halafu unashikiza kwa doti ndogo za kuchomelea, doti mbili tatu kila maungio, chesisi nzima, hakuna kuchomelea kamili hata sehemu moja mpaka tyubu ya mwisho iwe imekaa.

Angalia kinachotokea ukikaidi. Weka tyubu mbili kwa pembe mraba, chomelea ndani ya kona mstari mmoja mzima, acha ipoe. Wakati ule wekundu unapotea unaiona kabisa ncha ya mbali inasogea, inavutwa kuelekea upande uliochomelea, kwenye tyubu ya mita moja ncha inaweza kuondoka mahali pake zaidi ya milimita moja au mbili. Zidisha hiyo kwa maungio yote ya chesisi yakivuta upande mmoja. Ndo maana ukishashikiza unachomelea kwa kuruka, mbele kushoto, nyuma kulia, juu, chini, kila upande unavuta mwenzake, na kila ukisimama unapima mshazari wa kona kwa kona. Mishazari ikilingana chesisi ni mraba, isipolingana unakata doti na kurekebisha mapema kabla hakujawa na kitu cha kukata kwa grainda.

Mashine: MIG yenye gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi, waya wa 0.8, inatosha. TIG, aina nyingine ya mashine ya kuchomelea, inatoa maungio mazuri zaidi na joto unaliongoza vizuri, ila ni ya polepole na inadai ncha zikutane kabisa bila mwanya, kwa anayeanza MIG inasamehe zaidi. Mashine ya kawaida ya vijiti (stiki) kwenye ukuta wa 1.6 itatoboa tu, iache kwa mageti na madirisha. Na kama hujawahi kuchomelea kabisa, chomelea vipande vya mabaki, vikate katikati kwa hacksaw uone kama chuma kimeingia mpaka ndani, vipige nyundo mpaka vivunjike uone kinachovunjika ni tyubu au ni maungio. Maungio ya mabano ya sasipensheni na ya mikanda ya usalama kama huyaamini, yashikize kwa doti halafu mpelekee fundi wa kuchomelea mwenye ujuzi ayamalizie, hakuna aibu, maisha yako yananing'inia pale.

Sehemu inayowaangusha wengi kwenye njia hii ni sasipensheni ya mbele na stelingi. Chesisi ikiwa imekosewa milimita mbili kwenye ubavu gari litatembea. Stelingi reki ikikaa juu au chini ya mahali pake, kila gurudumu likipanda kwenye tuta linageuka lenyewe bila we kugusa usukani, na kwenye spidi hilo gari ni hatari. Kuzuia ni hivi: mikono ya stelingi ifuate mstari uleule wa wishibon (mikono ya pembetatu inayoshika gurudumu), ncha zake za ndani zikae kwenye mstari unaounganisha bawaba za ndani za wishibon ya juu na ya chini, na mkono wenyewe uelekee pale pale wishibon zote mbili zinapoelekea. Kuhakikisha ni rahisi: toa springi, weka jeki chini ya habu, pandisha gurudumu taratibu kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa huku umebana ubao bapa kwenye habu na unapima mbele na nyuma ya ubao. Vipimo viwili vikitembea pamoja upo salama, kimoja kikikimbia kuliko kingine pandisha au shusha reki kabla hujachomelea mabano yake moja kwa moja. Kwenye seti hili limeshafanywa na mtu mwingine. Kwenye kuvalisha lilifanywa na kiwanda. Hapa ni la kwako.

Gari la kuchinja

Fupi tu: chukua gari moja zima, usikusanye injini huku, giaboksi kule na difu kwingine. Vitu vilivyotoka gari moja vinajuana, shafti zinaingia, spidomita inasoma, waya zinaungana. Kwa umbo la Seven mi naipenda Mazda MX-5 ya kwanza iliyotoka 1989, injini mbele, inasukuma nyuma, wishibon mbili kila kona, kila gurudumu la nyuma linapanda na kushuka peke yake, vyote kwenye gari dogo. Utakayemwona anachukua ekseli ngumu ya pikapu yenye difu ndani yake naye hajakosea, ekseli nzima ni rahisi kuifunga na haina hesabu nyingi, ila ni nzito na gari jepesi litarukaruka kwenye barabara mbovu.

Jambo la breki lisipite. MX-5 ya zamani ina uzito karibu kilo 950 mpaka 1,000, gari la aina ya Seven likikamilika linaweza kuwa kati ya kilo 500 na 600. Umechukua breki zilezile ukaziweka kwenye gari la karibu nusu ya uzito, na mgawanyo wa mbele na nyuma umebadilika, kwa hiyo kuna uwezekano magurudumu ya nyuma yakawa ya kwanza kujifunga, na ya nyuma yakijifunga kabla ya mbele gari linazunguka. Weka valvu ya kupunguza nguvu ya nyuma, jaribu kwenye eneo wazi spidi ndogo kwanza. Springi za gari lililochinjwa nazo zitakuwa ngumu mno, tafuta shokapu zenye springi ya kurekebishika.

Waya: chukua mkanda mzima wa waya wa gari ulilochinja pamoja na kontrol boksi ya injini, ulaze sakafuni, uunganishe injini iwake nje ya gari, halafu ndo uanze kutoa waya zisizohitajika mmoja mmoja huku unaandika lebo. Ukianza kukata kabla injini haijawaka umejitafutia balaa.

Bodi: faiba, alumini, au kuprinti

Kwa anayetaka kuunda umbo lililopinda mwenyewe nasema fikiria mara mbili, sio kwa sababu haiwezekani ila kwa sababu ni kazi tatu ndani ya kazi moja. Kwanza unachonga umbo lenyewe la gari kwa povu na puti mpaka ling'ae, pili unatoa moldi juu yake, tatu unatoa panel ndani ya moldi. Kila mkwaruzo wa kazi ya kwanza utauona kwenye ya tatu. Na ukitaka kutoa gari moja tu, moldi nzito yote ile umeitengeneza kwa panel moja.

Kama bado unataka, jua kwamba resini ya poliesta inayeyusha povu jeupe la polistairini, unamimina na povu linazama linakuwa shimo, basi tumia povu la poliyurethani au tumia epoksi. Poliesta inakauka kwa kichocheo asilimia 1 mpaka 2, ukizidisha inachemka na kupasuka, ukipunguza inabaki inanata siku nyingi. Kichocheo hicho kikiingia jichoni kinaweza kukupofusha, vaa miwani, na maski iwe ya mvuke wa kemikali, ile ya vumbi haisaidii. Mati ya gramu 450 kwa mita mraba, tabaka mbili mpaka tatu kwenye panel ya kawaida, moldi iwe nene zaidi ya hapo na ifungwe mbavu za mbao au tyubu nyuma ili isipinde. Raha ipo siku ya kutoa panel ya kwanza: unapitisha kabari za plastiki ukingoni, unagonga taratibu, unasikia inalia kwa ndani tak tak inavyoachia nta kidogo kidogo, halafu ghafla yote inaachia na unalishika digadi zima mikononi, jepesi, linang'aa. Nawaelewa kabisa wanaoipenda kazi hiyo.

Alumini ndo ilikuwa bodi ya Cobra za asili, zile Carroll Shelby alizoanza nazo 1962 kwa kuweka V8 ya Ford kwenye gari la AC la Uingereza. Ni nyepesi, haina harufu, haina vumbi la kuwasha, na kosa unaweza kuligonga likarudi. Lakini kuikunja pande mbili kwa pamoja kunataka gurudumu la kunyooshea shiti, mfuko wa mchanga, nyundo za mbao na mkono uliozoea, na mkono wa hivyo haununuliwi. Kwa panel bapa alumini inashinda faiba mbali sana. Weka silanti pale inapogusana na chuma, bila hivyo maji yakiingia alumini inaliwa.

Kuprinti kwa printa ya 3D kumekuwa habari kubwa tangu mwanafizikia mmoja wa Colorado na mwanawe walipoanza kujenga gari la kuiga Lamborghini Aventador, panel zimeprintiwa kipande kipande na kufunikwa kaboni faiba, chini kuna fremu ya chuma, na mwaka 2019 Lamborghini wenyewe wakamuazima Aventador halisi kwa Krismasi. Sababu ya kufunika ni kwamba plastiki ya PLA inaanza kulegea karibu nyuzi 60, gari limeegeshwa juani linafika huko. Mi naona printa inafaa sana kwa kutengeneza umbo la kutolea moldi na kwa vitu vidogo kama mabano ya taa na matundu ya upepo. Bodi nzima inawezekana, ila lazima uwe mtu anayependa kompyuta kama anavyopenda gari.

Sasa gari gani kwa njia gani

Seven: jenga chesisi mwenyewe. Hapa hakuna mjadala kwangu, labda kama muda huna kabisa ndo uchukue seti.

Cobra: nunua bodi kwa hakika, na chesisi inategemea. Chesisi yake ya asili ni tyubu mbili nene za duara zimelala kama ngazi, kuchomelea ni rahisi kuliko Seven kwa idadi ya maungio, lakini bodi ya muuzaji fulani imechongwa ikae kwenye chesisi ya muuzaji huyohuyo, ukitaka kujenga yako omba michoro ya pointi za kufungia bodi kabla hujalipa. Hakupi michoro? Basi nunua na chesisi yake.

Speedster: kuvalisha juu ya Beetle, nimeshasema. Porsche 550 Spyder ya 1953 ni binamu yake ila injini iko mbele ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo giaboksi ya Beetle inageuzwa, na ukiigeuza bila kuhamisha lile gia kubwa la difu upande wa pili utapata gia nne za rivasi na moja ya mbele. Chesisi ya 550 ni tyubu, inachomeleka nyumbani vizuri, bodi agiza. Huu nauona mradi mzuri sana kwa aliyemaliza Seven.

Ford GT40: hapa heshima. Lile gari lililoshinda mbio za Le Mans mara nne mfululizo 1966 mpaka 1969 limeitwa 40 kwa sababu urefu wake kwenda juu ni inchi 40, karibu mita moja na sentimita mbili. Ndani yake unalala. Kinachokwamisha wengi ni giaboksi iliyoungana na difu inayoweza kubeba nguvu ya V8, watu wanatumia za kampuni ya ZF, au za Porsche na Audi zilizopinduliwa, hakuna hata moja unayoiokota kwenye gari lolote la kuchinja. Rejeta iko mbele, injini nyuma, bomba za maji zinapita gari zima na kila mahali palipoinuka hewa inajificha, weka vifungo vya kutolea hewa. Chukua seti.

Countach na Ferrari za injini ya kati: kama unaipenda kwa dhati jenga fremu yako ya tyubu kwa wilbesi sahihi, bodi nunua kwa mtu anayetoa na kioo cha mbele chake, maana kioo kilichopinda hutakitengeneza nyumbani hata ufanyeje. Bodi isiyo na kioo chake ipite.

Sheria na nembo

Kabla hujakata chuma cha kwanza nenda kwa wanaosajili magari ulizie gari la kujengwa linakaguliwaje, maana jibu lao linaweza kubadilisha njia yako yote. Sehemu nyingine ukikata fremu ya gari la kiwanda utambulisho wake unapotea, sehemu nyingine sakafu ya Beetle iliyofupishwa inahesabika kuwa gari jipya. Uingereza kila gari la namna hii linakaguliwa peke yake, na kwa nje ncha zinazoweza kumgusa mtu zinatakiwa ziwe na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 2.5 au zaidi. Hicho kipimo kizuri hata kama uko mbali na Uingereza. Piga picha kila hatua, hasa maungio kabla ya rangi, na tunza risiti na namba za gari ulilochinja.

Nembo za viwanda usibandike, hasa kama kuna siku utauza. Ferrari walimshitaki mtengenezaji wa bodi za kuiga Daytona Spyder na Testarossa huko Marekani, na mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikawapa Ferrari haki, na hapo kesi ilikuwa ya umbo lenyewe la gari. Maumbo ya Seven na Cobra yana watengenezaji wengi wa replika kwa miaka mingi, hiyo ni sababu nyingine kwangu ya kuanzia huko.

Kama bado hujaamua

Una muda mchache, jioni mbili tatu kwa wiki, na unachotaka ni kuendesha: seti. Unataka gari liwe hai muda wote na unapenda umbo la Speedster: Beetle na msumeno. Unapenda kuunda, una nafasi ya kuweka meza ya mita tatu na nusu ambayo hakuna mtu atakayekuomba uiondoe kwa mwaka au miwili: skwea tyubu, MX-5 moja, pua na madigadi ya faiba. Na kama jibu lako ni Countach na hutaki kusikia lingine, sawa, ila anza na fremu. Nunua tyubu za kutosha sakafu tu, chomelea ile sakafu kwenye meza, pima mishazari. Ikikaa sawa endelea juu, bodi utaiagiza siku magurudumu manne yatakapokuwa yanazunguka.